Nilinusurika vita vya Kongo, nikarudi Kakamega nikakuta nimeshazikwa

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Mimi ni mzee, daktari mstaafu, miaka themanini niliipita zamani. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mkiona herufi imekosekana mjue ilikuwepo ikaniponyoka.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu jukwaani kwa muda mrefu. Juzi nikaona uzi wa daktari kijana anayetaka kwenda kufanya kazi ya misaada kwenye nchi yenye vita. Mkamjaza ushauri: bima, chanjo, mshahara, hadi aina ya viatu.

Kuna jambo moja hamkumwambia. Naomba nimwambie mimi, kwa kumsimulia yaliyonipata. Sijatia chumvi popote. Shahidi wangu ni kaburi langu mwenyewe, lipo hadi leo, na anayebisha aje Kakamega nimuonyeshe.

Twende.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Bendera ilikuwa mpya, na sisi tuliosoma tulijiona wapya zaidi ya bendera. Nilikuwa nimemaliza udaktari Kampala, nikapangiwa hospitali ya Kakamega, karibu na nyumbani kwetu upande wa Mukumu.

Madaktari Waafrika tulikuwa wachache. Nikipita sokoni akina mama walikuwa wananionyesha kwa kidole. Kichwa kikanivimba, niseme ukweli. Nilinunua koti jeupe la pili ili la kwanza likifuliwa nisionekane raia wa kawaida, na kwenye mfuko wa kifuani nikabandika kipande cha plasta nilichoandika jina langu kwa herufi kubwa.

Hilo koti mlikumbuke.

Wakati huo Kongo kulikuwa kunawaka. Shirika moja la kanisa, jina tuliache, likawa linatafuta daktari anayejua Kiswahili, kwa sababu mashariki ya Kongo watu wanakisema. Nikajitokeza kabla hata hawajamaliza kueleza.

Nikaenda kumuaga mama. Kwetu tunaongea Kiisukha, kwa hivyo maneno ya nyumbani nayatafsiri.

Mama aliniuliza, "Huku wagonjwa wameisha?"

Nikamjibu kitu kirefu kuhusu ubinadamu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama ubinadamu unaanzia Kongo. Nilicheka, nikapanda gari nikaenda.

Kule tulipewa shule tuigeuze hospitali. Meza ya mwalimu ndiyo ilikuwa meza ya upasuaji. Ubaoni kulikuwa bado na hesabu za kugawanya, hatukuzifuta, tukawa tunaandika majina ya wagonjwa pembeni yake. Niliwahi kumshona mtu tumbo huku macho yangu yanaona kwamba yule mwanafunzi alikosea jibu.

Majeruhi wa serikali na wa waasi walilala chumba kimoja. Tuliwatenganisha kwa safu ya akina mama wenye malaria. Niwaambie wakuu, hakuna jeshi la kulinda amani lililowahi kufanya kazi kama wale akina mama. Mtu akianza kumtukana mwenzake wa upande wa pili, walimkemea hadi anajifunika blanketi.

Waasi wengi walikuwa vijana wadogo. Walinyunyiziwa maji na mganga wao, wakaambiwa risasi ikiwafikia itageuka maji. Ila dawa ilikuwa na masharti: usishikane mkono na asiyenyunyiziwa, usigeuke nyuma vitani. Mmoja aliletwa na risasi kwenye tako. Akanieleza kwa upole kabisa kwamba dawa haina kosa, ni yeye aliyegeuka.

Nilitoa risasi yake huku nacheka moyoni. Mimi msomi. Mimi wa sayansi.

Sasa niwajulishe Bonifasi.

Bonifasi alikuwa dereva wetu, Mkongomani, mwenye pengo la jino la mbele. Alikuwa na tabia ya kuimba kila akibadilisha gia, na barabara za kule gia zinabadilishwa kila mara, kwa hivyo safari nzima ilikuwa kwaya. Mwanzoni ilinikera. Baadaye akinyamaza ndipo niliogopa.

Kazi yake kubwa haikuwa usukani, ilikuwa mdomo. Vizuizi vya barabarani vilikuwa kila mahali, na kila kizuizi kina mkubwa wake mwenye bunduki na uvivu. Siku moja tulikuwa tunaenda kijiji fulani kumuona mama mjamzito aliyeshindwa kujifungua. Mkubwa wa kizuizi akakataa katakata: amri ni kwamba daktari asipite.

Mimi nikaanza kumhubiria haki za binadamu. Bonifasi akanivuta koti, akashuka.

"Chefu," akamwambia, "amri inasema dokta asipite. Ile amri inakataza mugonjwa kutoka?"

Yule mkubwa akafikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mwishowe akasema haikatazi. Mama akabebwa kwa machela hadi kwenye kizuizi, na mtoto akazaliwa chini ya lori letu, mkubwa mwenyewe akishikilia turubai. Tangu siku hiyo huo ukawa mtindo wetu: tukizuiwa kuingia, tunaomba wao watoke.

Kisha ikaja siku ambayo kuongea hakukusaidia.

Mapigano yalifika shuleni mchana. Bonifasi alikuwa analeta lori karibu na veranda tupakie wagonjwa. Risasi zikapita kwenye kioo. Tulimvuta nje, nikafanya kila nililofundishwa, na halikusaidia chochote. Alifia pale verandani mikononi mwangu. Uso wake ulikuwa umeharibika.

Hatukuwa na muda wa kuzika. Waliokuwa wanaweza kutembea walikuwa tayari wanaingia msituni, na wasioweza walikuwa wanabebwa. Lakini kwetu marehemu haachwi uso wazi, inzi wakitua. Sikuweza. Nikavua koti langu jeupe nikamfunika, nikaona hata hivyo mikono iko nje, nikamvalisha vizuri na kumfunga vifungo.

Niliondoka nalia, sioni aibu kusema.

Tulitembea msituni kwa muda mrefu. Nikaugua, nikalazwa kwa watawa upande wa pili wa mpaka, bila simu, bila posta, bila mtu anayejua mimi ni nani. Nilikuwa nawaza tu kwamba mama atakuwa na wasiwasi kidogo.

Kumbe huku nyuma, wakuu, watu walifika pale shuleni. Wakakuta mwili, uso hautambuliki, koti la daktari, jina kifuani kwa herufi kubwa. Wakamzika kwa heshima, wakaweka msalaba, wakaandika jina langu. Habari ikasafiri hadi kwa chifu wetu. Redio ikanitangaza.

Mimi sikujua lolote. Nikapona, nikapata usafiri, nikashuka Kakamega mjini asubuhi moja yenye jua zuri, nimekonda ila nina furaha.

Mtu wa kwanza kuniona alikuwa mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, niliyewahi kumtibu jipu. Aliangusha karai, akakimbia kuelekea upande wa Shieywe bila kuangalia nyuma. Nikadhani ni deni la mtu mwingine linamfukuza.

Wa pili alikuwa mzee mstaarabu. Alivua kofia, akaniomba nikirudi nimsalimie marehemu mkewe.

Hapo nikaanza kuwa na mashaka.

Nikaenda moja kwa moja hospitali, chumba cha dawa, kwa rafiki yangu Khamisi wa Mumias. Aliponiona alisema "Innalillahi," kisha "Alhamdulillahi," kisha akakaa chini kwa sababu hakujua kipi kilitakiwa kutangulia. Akanishika mkono, akanibonyeza bonyeza, akaridhika.

"Daktari, mimi nilikuja kwa matanga yako," akasema. "Ilikuwanga matanga kubwa sana. Ng'ombe za kupigana zililetwa, ngoma za isukuti zikapigwa. Hata watu wa Butali walikuja na trekta ya kubeba miwa."

Kijana kama mimi sikustahili heshima ya ng'ombe. Ni ya wazee. Niseme tu kwamba nilijisikia vizuri kwa dakika moja.

Kisha Khamisi akaacha kucheka. Akaniambia mama yangu yuko hali mbaya. Homa kali, anaongea ovyo, hajala vizuri tangu nizikwe. Na hospitali amekataa katakata, anasema hospitali ndiyo ilimuua mwanawe.

Sikungoja. Khamisi akanipa kwinini, sindano na chupa za dripu, akanipa na baiskeli yake. Nilipanda ile barabara ya Mukumu nikiwa sina pumzi, lakini nilikuwa na akili moja tu: nimfikie mama.

Nilipofika kwetu, mlangoni pa ua alisimama baba mdogo Shivachi, mdogo wa marehemu baba yangu, na wazee wawili nyuma yake. Dada yangu Muhonja alikuwa ndani ya ua, akiniona akaweka mikono kichwani.

Baba mdogo hakusogea.

"Simama hapo hapo," akasema. "Sisi tulikuzika."

Sasa kwa wasiojua desturi. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usifike nyumbani, hatuachi hivyo hivyo. Unakatwa mgomba, unavikwa sanda, unalazwa kaburini badala yake, na watu wanalia kama kawaida. Huo ndio mwili. Baada ya hapo, huyo mtu amekufa na amezikwa. Akirudi hai ni tatizo, tena kubwa, maana amekuja na kifo mgongoni. Haingii boma mpaka achinjiwe kondoo, asafishwe, na ule mgomba ufukuliwe.

"Kondoo yuko wapi?" nikauliza.

Kondoo alitakiwa kutoka kwa wajomba zangu. Mtu angetumwa sasa hivi, atarudi kesho.

Kutoka pale niliposimama nilikuwa nasikia sauti ya mama ndani ya nyumba. Alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo. Nilijua hiyo ni malaria imepanda kichwani. Nilijua pia kwamba hana kesho.

Nikapandisha hasira. Nikamwambia baba mdogo ashike mkono wangu asikie mapigo ya moyo. Akakataa. Nikamwambia mimi ndiye ninayeandikia watu vyeti vya kifo wilaya hii, kwa hivyo ninajua nani amekufa na nani hajafa. Nikamwambia nina damu mwilini inatembea!

"Hata mgomba uko na maji ndani," akajibu.

Msimchukie. Muhonja aliniambia baadaye kwamba mzee huyo alilia kwenye matanga yangu hadi sauti ikakauka. Na baba mdogo mwenyewe aliniambia pale pale, machozi yakimtoka, "Kijana wangu, nakutaka uingie kuliko wewe unavyotaka kuingia. Lakini ukiingia hivyo, mama yako akufe, nitaambia nani?"

Ningeweza kumsukuma. Alikuwa mzee na mimi nilikuwa na hasira. Lakini nilijua kwamba mama akifumbua macho amuone mtu aliyemzika anapita mlangoni kwa nguvu, watu wanapiga kelele, moyo wake hautahimili. Na hilo ni la kidaktari, si la kondoo.

Nikakaa chini barabarani, kichwa mikononi. Nilivuka vizuizi vyote vya Kongo, vya watu walevi wenye bunduki. Sasa nimezuiwa na baba mdogo mwenye bakora, mlangoni kwetu.

Na hapo, wakuu, nikamsikia Bonifasi. Si mzuka, tusianze. Nilikumbuka tu sauti yake.

Nikasimama. Nikavua kofia.

"Baba," nikasema, "desturi inakataza mimi niingie. Je, inakataza mama atoke?"

Baba mdogo akageuka kwa wazee. Wakanong'ona. Mmoja akainua bega. Baba mdogo akarudi.

"Hiyo hatujawahi kuulizwa," akasema. Kisha akapaza sauti yake mbovu, "Muhonja! Leteni mama na kitanda chake!"

Mama akaletwa barabarani, juu ya kitanda cha kamba, watu wanne wamebeba. Alikuwa mwepesi sana. Nilitafuta mshipa kwa muda. Nikaupata.

Chupa ilihitaji kuning'inizwa juu. Tawi pekee lililofaa lilikuwa la mti wa kwenye ua, mizizi yake ndani ya boma. Mzee mmoja akauliza kama dripu ikitoka kwenye tawi la ndani kuja kwangu nje, si mimi nitakuwa nimeingia?

"Wachana na chupa," baba mdogo akamkemea. "Chupa haikufanga."

Tulikaa pale barabarani hadi jua likaanza kwenda upande wa Mumias. Watu walikusanyika, wale wale waliokula matanga yangu. Wapita njia na baiskeli walishuka, wakatoa kofia, bila kujua wanampa nani pole. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi za mama.

Homa ikashuka. Akafumbua macho, akaniangalia.

"Umekuja kunichukua?" akauliza.

"Hapana mama. Nimekuja kukuchoma sindano."

Kisha akauliza swali ambalo hakuna maiti aliyewahi kuulizwa.

"Umekula?"

Nikatikisa kichwa. Mama akaamuru obusuma, ugali wetu, ipikwe. Baba mdogo akaingilia: mtu wa namna yangu hali kwenye vyombo vya nyumba kabla ya kondoo. Mama akamwambia basi waweke kwenye jani, na kama jani nalo lina shida waweke mkononi mwake yeye, atanilisha. Nilikula pale barabarani, na yeye akala matonge mawili madogo, ya kwanza tangu nife.

Nililala kwa jirani. Kondoo alifika kesho yake kama ilivyoahidiwa. Alichinjwa, nikapakwa majani mabichi ya tumboni mwake, kifuani, mgongoni, hadi usoni. Nilisimama pale nanuka, mhitimu wa udaktari, nikamkumbuka yule kijana wa risasi ya tako. Nikamuomba radhi kimya kimya.

Nikaingia nyumbani. Akina mama wakapiga vigelegele.

Ikabaki kazi ya mwisho: kufukua mgomba na kuuchoma moto. Tukaenda kaburini. Mgomba ulikuwa umezikwa na shina lake, na juu ya udongo kulikuwa na chipukizi la kijani. Wakati majembe yanainuliwa, mama, aliyekaa kwenye kigoda na blanketi mabegani, akasema wangoje.

"Yule waliyemkuta na koti lako ni nani?"

Nikamsimulia. Bonifasi, pengo, nyimbo za gia, kizuizi, lile swali lake, ambalo jana yake lilimtoa yeye mama hadi barabarani. Nikamwambia alivyokufa na nilivyomfunga vifungo.

Mama akauliza, "Na mama yake, nani alimwambia?"

Nilikaa na yule mtu ndani ya lori kutwa nzima kwa miezi. Nilijua anavyopenda chai yake. Sikujua jina lake la pili, wala kijiji chao. Aliwahi kuniambia tu kwamba mama yake anauza mikate ya muhogo iliyofungwa kwa majani, karibu na mto. Mito ya Kongo mnaijua ilivyo mingi.

Mama akaanza kulia. Alikuwa na mwanawe mbele yake, mzima, ananuka kondoo, na bado alilia kama siku ya matanga.

"Msifukue," akasema. "Huyo mtoto wa watu alale hapo kwa sasa, mpaka kwao wajue."

Baba mdogo akapinga kidogo, kwamba mgeni hazikwi bomani. Mama akamuuliza, mtu uliyemlilia hadi sauti ikakauka bado ni mgeni? Baba mdogo akakubali.

Nilirudi Kongo baadaye, ndiyo. Nikaupata ule msalaba wenye jina langu, nikalifuta, nikaandika Bonifasi. Niliuliza kila mtu, kila mto nilioufikia. Vita vilikuwa vimetawanya watu. Sikumpata mama yake.

Mama yangu alikufa mzee sana, kitandani kwake, na hadi mwisho alikuwa akiipalilia mwenyewe ile migomba iliyochipuka kaburini. Siku hizi napalilia mimi.

Kwa hivyo kijana daktari, nenda. Bima ukate, viatu ununue. Lakini siku ya kwanza kabisa, kabla hujauliza mshahara unaingia lini, muulize dereva wako kwao ni wapi na mama yake anaitwa nani. Na jina lako usiliandike kwenye koti peke yake, liandike pamoja na la huyo dereva.

Mwenye maswali aulize, nitajibu polepole, kidole ni kimoja. Mwenye kuona nimetunga, njia ya Mukumu haijafungwa.

Ila nina ombi kwa wenye ndugu upande ule wa Kongo. Kama kuna familia iliyompoteza Bonifasi, dereva, pengo la mbele, aliyekuwa akiimba akibadilisha gia, waambieni ana kaburi Kakamega na linatunzwa. Waambieni alililiwa, tena vizuri sana, hadi baba mdogo wangu akakauka sauti.

Tulikosea jina tu.